Trela Lililopendeza Mno

Mume wangu hawezi kuona kitu kilichokwaruzika akakipita. Sufuria, mlango, goti la mtoto, vyote kwake ni kazi iliyoachwa njiani. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Msasa, na mimi mkewe nimelizoea jina hilo hadi siku ya kumwandikisha mtoto shuleni nusura niliandike kwenye nafasi ya baba. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti yake huyajui kwa marembo, unayajua kwa kupitisha kiganja: hakuna pa kukukwaruza. Mimi nashona maturubai. Upande wake wa nyumba unanuka chuma kilichoungua, upande wangu unanuka plastiki mpya, na katikati tunapika na kugombana.

Nyuma ya nyumba, juu ya matairi ya lori, ilikaa mashua ya wifi yangu.

Wifi ni mdogo wake Msasa, kitinda mimba kwao. Mama yao alipofariki, kaka alimchukua akamlea, kwa hiyo nilipoolewa nilimkuta ndani kama kabati. Siku ya kwanza alinizunguka, akanitazama mbele na nyuma, kisha akamuuliza kaka yake, "Hukupata mwingine?" Nikamwambia mwingine alikuja, alipomwona wifi akakimbia. Tangu siku hiyo hatujawahi kunyamaziana.

Kuendesha mashua ya tanga alijifunzia kwenye klabu moja ya bwawani, alikokwenda kuosha vikombe. Alianza kwa kuosha, akaja akashika kamba, mwishowe akawa anawafundisha waliokuwa wakimtuma chai. Klabu ikafungwa, vyombo vikauzwa, na yeye akaondoka na mashua ndogo yenye ubavu uliopasuka ambayo hakuna aliyeitaka. Msasa aliziba ubavu. Tanga nimelishona mimi mwenyewe. Kisha mashua ikakaa juu ya matairi, na wifi akaenda kukata tiketi stendi, akivaa sare ya kijani ambayo nilimwambia inamfanya afanane na chupa.

Halafu simu ikalia. Chuo cha mashua kando ya ziwa kilitaka mkufunzi. Walimsikiliza, wakampenda, wakampa sharti moja: aje na mashua yake, maana zao hazitoshi, na awe ufukweni Jumatatu wanafunzi wapya watakapofika.

"Usipofika na mashua sitakulaumu," mkuu wa mafunzo alimwambia. "Kuna bwana mwingine ana yake, na iko huku huku majini."

Ziwa liko mwendo wa nusu siku kwa gari. Mashua haina miguu. Mwenye lori tuliyemuuliza alitaja bei tukadhani anatuuzia lori lenyewe. Ikabidi tutafute trela la kufunga nyuma ya pikapu ya Msasa.

*

Tulilipata kwenye tangazo la simu: trela la mashua, limetumika, lina kadi. Mwenye nalo alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mzee mrefu, safi, anayeongea na wewe huku akikutazama mdomoni. Alituongoza hadi nyuma ya nyumba yake. Trela lilikaa chini ya bati, kijani lililopauka, kutu imelipanda miguuni kama upele. Madigadi yake, yale mabati ya kufunika magurudumu, yalikuwa mekundu, yamebonyea, na yamekaa upande. Lilionekana kama mtu aliyevaa viatu vya jirani.

"Daktari," nikasema, maana bei haishuki kwa ukimya, "hili limezeeka hadi limeota ndevu."

"Na bado linabeba," akajibu. "Wewe unataka kubeba mashua au unatafuta mchumba?"

"Nataka kitu ambacho hakitakatika njiani."

"Chuma chake kizima. Nimelibebea mashua yangu mpaka mgongo uliponikataza." Akainama kidogo. "Hilo jino la nyuma kulia linakuuma, siyo?"

Nikafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa, Msasa aliona mtu akininyamazisha, na akamlipa yule mzee bila kuendelea kubishana. Nadhani ilikuwa shukrani.

Daktari alikuwa mnyoofu. Alitueleza kwamba usajili ulikuwa umelala, kwani hakuwa amelitembeza trela muda mrefu. Kazi yetu ingekuwa kulipeleka kwenye ukaguzi, mkaguzi alilinganishe na kadi, ndipo umiliki uhamie kwa wifi na kibao kipya cha namba kitolewe. Tukaandikiana hati ya mauziano pale pale barazani. Akatupa kadi ya usajili. Namba ya chasisi ilikuwa humo, imechapwa vizuri, wifi akaisoma kwa sauti na sote tukatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ilipo kwenye chuma. Tulikuwa kama watu waliosoma jina la mgonjwa mlangoni wakarudi nyumbani kusema wamemwona.

*

Siku zilizofuata sikuwa na mume. Nilikuwa na mtu mwenye miwani ya kazi aliyeingia kula na kutoka. Alifungua magurudumu, akabadilisha beringi na matairi, akapaka grisi. Akavuta nyaya mpya na kufunga taa mpya, na wifi akazijaribu moja moja kwa kelele: "Kulia! Kushoto! Breki! Kaka, hii ya kushoto inakonyeza kama mlevi!" Yote hayo yalihitajika. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini kutu ilikuwepo, na kutu kwa Msasa ni tusi. Akashika grainda. Akalikwangua lile trela kuanzia nyuma hadi kwenye mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, akalisugua, akaziba mashimo ya kutu na mikwaruzo kwa puti, akasugua tena, kisha akalipiga rangi ya buluu, mara tatu. Yale madigadi mekundu akayang'oa, akakunja mapya kwa bati lake mwenyewe, mviringo mmoja usio na kasoro. Ya zamani, pamoja na taa kuukuu, alimpa yule bwana wa vyuma chakavu anayepita mtaani na mkokoteni.

Lilipokauka tulisimama kulitazama. Lilikuwa zuri kiasi cha kuudhi. Wifi akalizunguka kama alivyonizunguka mimi siku ile.

"Kaka," akasema, "sasa mashua yangu itaonekana maskini."

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Ukikaa karibu nalo watu watadhani umeliiba."

Tukacheka sote watatu. Maneno mengine mtu ayatafune kwanza kabla ya kuyatoa.

*

Uwanja wa ukaguzi ni mahali pa kupanga foleni na kujifanya hujali. Magari yanasimama kwenye mistari, wenye magari wanasimama pembeni wakifuta vioo vilivyokwisha futwa. Siku hiyo, Alhamisi, watu waliacha magari yao wakaja kulitazama trela letu. Mmoja alimuuliza Msasa kama linauzwa. Msasa akasema ni la mdogo wake, anakwenda kufundisha chuoni, na akalisema hilo kwa sauti iliyomfikia kila mtu hadi mlinzi wa getini.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye tochi, brashi ya waya, na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Akakagua taa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasukuma magurudumu, akasikiliza, akatikisa tena. Akapitisha kiganja kwenye bomba la pembeni.

"Nani kafanya hii kazi?"

"Mimi, dada," alisema Msasa, kichwa chini kama bwana harusi.

"Hongera. Sijaona kazi safi namna hii hapa." Akachutama mbele, kwenye ule mkono wa kuvutia, upande wa kulia. Akamulika tochi. Akasugua kidogo na brashi, akamulika tena. Akahamia kushoto. Akalala kabisa chini, tukabaki tunaona viatu tu. Alipotoka hakuwa mtu yule yule aliyeingia.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani?" akauliza Msasa.

"Ya chasisi. Hugongwa hapa, kwenye chuma chenyewe. Tarakimu, moja moja, kwa nyundo."

Nilimwona mume wangu akifikiri. Alipomaliza kufikiri, jasho lilimtoka.

"Pale palikuwa na… palikuwa na mikwaruzo," akasema. "Imejaa kutu. Nilidhani mtu alipagonga na kitu. Nikapalainisha."

"Ukapalainisha."

"Nikaweka na puti."

Mkaguzi alizima tochi. Nadhani alitaka kucheka, na nadhani kazi yake ilimzuia. "Baba," akasema, "katika kazi yangu trela lililofutwa namba lina maana moja tu. Wanaofuta namba ni wezi. Na hufanya vibaya, wanaacha alama. Wewe umefuta vizuri kuliko mwizi yeyote niliyewahi kumkamata."

"Lakini kadi hii hapa!" wifi akaingilia.

"Kadi naiona, mdogo wangu. Inasema kuna trela la kijani mahali fulani lenye namba hii. Mbele yangu kuna trela la buluu lisilo na namba. Nani ataniambia ni moja?"

Hakutukana, hakututisha. Alieleza tu utaratibu. Trela lingebaki uwanjani. Mwenye kadi, aliyetuuzia, aje mwenyewe, alitazame, ale kiapo kwamba ndilo lake. Akifanya hivyo, yeye mkaguzi atagonga namba mpya na umiliki utahama. Asipofanya hivyo, faili linakwenda polisi, na huko, alisema, mambo huchukua muda wake.

Wakati anapiga chaki alama kubwa ya X kwenye ile rangi ya buluu, dalali mmoja wa pale uwanjani alimsogelea Msasa. Akamnong'oneza, lakini manong'ono ya madalali husikika. "Fundi, namba si ipo kwenye kadi? Mngeigonga tena nyumbani kabla ya kuja. Nani angejua? Siku nyingine niulize mimi kwanza."

"Siku nyingine!" nikasema. "Labda mume wangu ana trela jingine nyumbani analonificha."

Hakuna aliyecheka. Msasa alikaa kwenye ukingo wa saruji, mikono katikati ya magoti. Wifi alisimama mbele yake. Kaka huyu ndiye aliyemfunga viatu vya shule, na sasa wifi alimtazama kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

Nikamsogelea. "Wifi, mwenye ubunifu kama wa kaka yako…"

"Wifi," akasema taratibu, "leo usinitanie."

Ndipo nilipojua tumefika pabaya.

*

Daktari alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi. Nilimpigia simu mimi, kwa sauti ya mgonjwa. Hakuuliza maswali mengi. Alisema kama ni trela lake ataapa, haki ni haki. Tulipomwona akishuka kwenye gari tulijua yamekwisha. Mkaguzi alikuwa amekwishatoa muhuri.

Daktari akalizunguka. Akaenda nyuma, akarudi mbele. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hili si trela langu," akasema.

"Ndilo, daktari," alisema Msasa. "Nililitengeneza tu."

"Trela langu lilikuwa baya."

"Ndiyo, lakini…"

"Bwana, nilikaa nalo miaka mingi. Nililijua lile trela kama nijuavyo mdomo wa mke wangu. Hili lina taa ambazo sizijui, matairi nisiyoyajua, rangi si yake, na haya madigadi," akayagonga kwa kidole, "haya ametengeneza mtu anayejua kazi. Ya kwangu niliyafunga mwenyewe." Akamgeukia mkaguzi. "Nitasemaje chini ya kiapo kwamba nakitambua kitu nisichokitambua?"

Jamani, nimekutana na waongo wengi maishani. Wateja wanaosema turubai lilichanika lenyewe. Mwenye nyumba anayesema kodi haijapanda, imesogea tu. Wote nilishindana nao, na sikuwahi kushindwa kabisa. Mtu mkweli ndiye aliyenishinda. Humpati kwa utani, humpati kwa machozi. Nilijaribu vyote viwili.

"Daktari, binti huyu kazi yake iko Jumatatu."

"Naelewa, mama. Na ninasikitika. Lakini mkinitaka niape kwa sababu ya huruma, hicho si kiapo, ni sadaka."

Mkaguzi akarudisha muhuri kwenye droo. Hakuurudisha haraka, namshukuru kwa hilo. Akasema ofisi inafungwa jioni, na Jumamosi hawagongi namba.

Ni wifi aliyeuliza. Muda wote alikuwa amekaa juu ya lile trela lake lisilo lake, akiupapasa mkono wa chuma. "Daktari, ukiliona namna lilivyokuwa, utalitambua?"

"Papo hapo."

"Na mkaguzi, tukirudishia vitu vyake vya zamani, mbele yako, hapa hapa?"

Mkaguzi akafikiri. "Kama vitaingia mahali pake na yeye akavitambua, nitaandika hivyo."

Msasa aliinua kichwa. Nilijua anachofikiria, maana nilikuwa nakifikiria mimi pia: bwana wa mkokoteni.

*

Uwanja wa vyuma chakavu uko nyuma ya soko, na bwana wa mkokoteni ana cheo kikubwa huko kuliko mtaani. Tulikwenda sote watatu, tukamkuta amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari. Msasa alianza kueleza kuhusu namba, chasisi, kiapo. Nikamvuta shati. Ukimweleza muuzaji shida yako unampandishia bei mwenyewe.

"Shikamoo, tajiri," nikasema. "Yale makopo mekundu aliyokupa huyu, bado unayo? Nataka kupandia maua."

"Maua," akasema.

"Maua."

"Mume wako anahema kama amefukuzwa na nyuki kwa sababu ya maua?"

Nikamgeukia Msasa. Kweli alikuwa anahema. Basi tukasema ukweli wote, na bwana yule akacheka hadi akashuka kwenye kiti. Alisema tangu aanze kazi watu humletea vitu vibovu wakidai ni vizuri; hajawahi kuona watu wanaolilia ubovu wao urudi. Kwa furaha hiyo alitupa taa za zamani bure, zilikuwa bado kwenye gunia. Digadi la kulia lilikuwa kwenye rundo, chini ya mlango wa jokofu. La kushoto halikuonekana.

"Hilo nililipatia kazi," akasema, akatuongoza nyuma ya kibanda. Alikuwa amelilaza chali, amelijaza maji, na kuku wake walikuwa wamelizunguka wanakunywa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mimi, kwa sababu Msasa alikuwa anatazama lile bati na mimi niliona mkono wake unaanza kutafuta kitambaa mfukoni.

"Usithubutu kulifuta," nikamwambia. "Hata kinyesi kibaki. Labda daktari anakijua."

Jogoo mmoja alinifuata hadi getini akidai haki yake. Kuku wale wana malezi.

*

Tulirudi uwanjani jua likiwa limeanza kuinama. Mkaguzi alikuwa bado yupo, na daktari pia. Alikuwa amekaa kwenye benchi anamweleza mlinzi kuhusu fizi. Watu wa foleni wakasogea. Msasa akachukua spana, akapiga magoti, akafungua madigadi yake mapya, yale mazuri, akayaweka chini juu ya shati lake. Chini ya rangi ya buluu palibaki mashimo ya misumari ya skrubu, mawili kila upande. Alikuwa amepitisha skrubu zake humo humo, hakuwa ametoboa mapya.

Akainua lile jekundu la kulia. Akaliweka. Halikukaa.

"Pindisha," akasema daktari kutoka kwenye benchi.

"Wapi?"

"Kwa nyuma. Inua, halafu pindisha. Lina tabia."

Msasa akainua, akapindisha. Skrubu ikazama kwenye tundu la kwanza. Tundu la pili lilikuwa juu zaidi ya la kwanza, limekaa upande, limetobolewa na mtu aliyekuwa anatazama kwingine. Skrubu ikazama huko pia, na lile bati likakaa vile vile nilivyoliona siku ya kwanza, kombo, kama kofia ya mlevi.

Daktari alikuwa amekwishasimama. Akaja, akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akaingiza kidole chini ya bati akalipapasa lile tundu la juu.

"Hili nimetoboa mimi," akasema. Uso wake ulikuwa umekunjuka. "Mke wangu alikuwa ananiita kula. Nilikuwa na haraka."

Msasa alikuwa bado amepiga magoti. "Daktari, samahani kuuliza. Na meno ya watu ulikuwa unatoboa hivi hivi?"

"Meno hayaiti mtu kula," akajibu daktari.

Hapo mkaguzi alishindwa, akacheka hadi chaki ikaanguka. Mimi nikapapasa shavu langu la kulia nikamshukuru Mungu aliyenipa woga wa kwenda kliniki.

La kushoto nalo likaingia, na maji ya kuku yakimtiririkia Msasa mkononi. Daktari akatazama taa za zamani, akatuonyesha ile iliyofungwa kwa waya wa shaba aliousokota mwenyewe. Akaapa, mkono juu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Mkaguzi akapiga picha za trela lile kila upande. Kisha akatoa nyundo na vile vidole vya chuma vyenye tarakimu, akamwita Msasa asimame mbali kabisa, akagonga namba mpya kwenye ule mkono wa mbele. Ngo, ngo, ngo. Rangi ya buluu ilibanduka vipande vipande. Kila pigo mume wangu alifumba macho.

"Sikiliza, fundi," mkaguzi alimwambia alipomaliza. "Kwanza, kuna faini ya kufuta namba. Ni yako, siyo ya huyu binti. Pili, karakana yako nimeiandika. Mwaka huu wote kila chombo utakachokigusa kitakaguliwa mara mbili. Tatu, kibao cha namba bado hakijatoka, nampa mdogo wako kibali cha kusafiri. Kibali kina picha hizi. Trela lisafiri kama lilivyo kwenye picha. Madigadi haya haya."

"Haya?" Msasa akauliza. "Hata nisiyanyooshe kidogo?"

"Kaka," wifi akasema, "ukiyagusa mimi nitaacha kuwa ndugu yako."

Msasa alilipa faini. Kwa mtu wa kazi yake, kukaguliwa mara mbili ni wateja kwenda kwingine, na hilo tumeliona mwaka mzima, sitalipamba. Lakini siku ile, tulipokuwa tunafunga trela kwenye pikapu, wifi alimshika kaka yake bega akauacha mkono wake hapo. Halafu akanigeukia.

"Wifi, kwa hiyo kopo lako la maua unalidai?"

Kwa furaha nikamwambia nalidai, na nitampanda yeye humo.

*

Jumatatu tuliondoka kabla ya mapambazuko. Askari wa barabarani walitusimamisha zaidi ya mara moja. Kila mmoja alitazama ile buluu inayong'aa, kisha yale mabati mekundu, kisha picha kwenye kibali, na kila mmoja akauliza swali lile lile: mtu aliyepaka rangi safi hivi, alikosa nini hata asimalizie? Msasa alitazama mbele, mikono kwenye usukani. Nilijibu mimi. Nilisema fedha ziliisha. Askari wote walilielewa jibu hilo.

Tulifika wanafunzi wamekwisha kusanyika ufukweni na maboya yao ya kuvaa, wengine wamevaa nyuma mbele. Mkuu wa mafunzo alikuwa mama mfupi mwenye filimbi shingoni. Karibu naye alisimama bwana mmoja mwenye kofia, na nyuma ya bwana huyo, majini, mashua nyeupe imefungwa kwa kamba. Hakuhitaji kutambulishwa.

Mama wa filimbi alilitazama trela letu. "Hicho chombo chenyewe kizima kweli?" akauliza. "Maana kilichokibeba…"

"Kiangalie," akasema wifi.

Mama akaangalia. Akagonga ubavu pale palipozibwa, akaweka sikio, akagonga tena. Akashika tanga, akavuta mshono wangu kwa nguvu zote, nami nikakaza meno hadi lile la nyuma likanikumbusha. Mshono haukutoa sauti.

"Kishushe," akasema.

Msasa akarudisha gari nyuma kwenye mteremko hadi magurudumu ya trela yakaingia majini. Wifi akavua viatu, akaingia hadi kiunoni, akafungua mikanda, akasukuma. Mashua iliyokaa juu ya matairi ya lori miaka yote ile iliteleza, ikayumba, ikakaa. Hakuitazama kwa furaha wala nini. Alipandisha tanga, akaushika upepo, akaenda, akageuka karibu na lile boya la mbali, akarudi moja kwa moja hadi mbele ya mama yule na kusimama bila kugusa ukingo.

Mama akamgeukia bwana wa kofia. "Wewe utakuja zamu ya mwezi ujao," akamwambia. "Nitakupigia." Kisha akamwambia wifi, "Chukua wale watano wasiojua kuogelea. Anza nao."

Mimi na Msasa tulikuwa bado tumesimama kwenye mteremko, miguu majini, tunatabasamu kama wazazi wa bibi harusi. Nilikuwa na utani mzuri tayari mdomoni. Wifi akapuliza filimbi, sijui alipewa saa ngapi, akatunyooshea mkono.

"Kaka! Wifi! Toeni gari hapo. Wanafunzi wangu wanapita."

Tukatoa gari.